Mwokozi Ndiye Bwana: Simeoni Nsibambi

Juma hili nawaletea Simeoni Nsibambi wa Uganda, aliyezaliwa 1897. Alikuwa mtu wa kanisa tangu zamani, tena afisa wa afya katika serikali ya Kabaka. Mshahara ulikuwepo, heshima pia. Septemba 1929, kilimani Namirembe, alikutana na daktari mmishenari Joe Church, wakasoma Biblia pamoja siku mbili. Akaacha kazi, akaacha hata viatu, akawa anashuhudia watu mchana kutwa.

Mimi nimesomea biashara. Nikiipiga hiyo hesabu naona hasara tupu. Lakini Nsibambi alishaelewa kwamba Yesu anayesamehe dhambi ndiye huyo huyo mwenye kauli juu ya mshahara. Sisi tunampa Jumapili, halafu Jumatatu pesa ya dhahabu Migori na ya samaki Homa Bay tunaiamulia wenyewe. Si wote wataambiwa waache kazi, hapana, ila Bwana lazima aulizwe. Someni Warumi 10:9.

Uamsho ule wa Balokole ulifika hadi huku Nyanza. Yeye mwenyewe ugonjwa ulimweka nyumbani miaka mingi, mpaka alipofariki 1978, na watu waliendelea kumfuata huko huko awaombee.