Idi Amin na gari lenye moyo wa Maserati

UKIMWAMBIA mgeni kwamba unatoka Koboko, awe wa Kampala, Nairobi au Juba, mara nyingi atakuuliza habari za Idi Amin. Sisi wa Ludara tumeshazoea. Wanafunzi wangu nao huuliza, ila swali lao ni jingine: ni kweli Amin aliendesha Maserati? Napenda swali hilo, kwa sababu ukilifuata gari lile utaufahamu utawala wake.

Jibu ni kwamba gari lilikuwa Citroën SM, bodi ya Kifaransa na injini ya Kitaliano. Kampuni ya Maserati ilianzishwa na ndugu wa ukoo huo mjini Bologna mwaka 1914, na alama yake ni mkuki wa ncha tatu. Mwaka 1957 dereva Juan Manuel Fangio wa Argentina alitwaa ubingwa wa dunia kwa gari lao. Mwaka 1968 Citroën ya Ufaransa ikainunua Maserati na kuitaka itengeneze injini ya gari jipya. Mhandisi Giulio Alfieri akaunda injini ya silinda 6, ujazo wa lita 2.7, yenye nguvu za farasi 170.

SM ilionyeshwa Geneva mwaka 1970. Iliweza kukimbia kilomita 220 kwa saa. Haikukalia springi kama magari yetu ya mizigo, bali mafuta na gesi vilivyofungwa kwenye mitungi midogo ya duara. Ukigeuza usukani, taa za ndani ziligeuka nawe na kumulika kona kabla hujaifikia. Wala halikuwa gari la lami tupu, kwani mwaka 1971 lilishinda mbio za Morocco zenye mawe na vumbi. Magari yaliyotengenezwa hayakufika 13,000.

Sasa tumtazame mwenye gari. Idi Amin Dada alizaliwa miaka ya 1920, baba Mkakwa, mama Mlugbara. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Mwaka 1946 alijiunga na jeshi la Waingereza la King's African Rifles, akaanzia jikoni. Mwili wake mkubwa ulimpa ubingwa wa ngumi wa Uganda, alioushika tangu 1951 hadi 1960. Mwaka 1961 akawa mmoja wa wananchi wawili wa kwanza wa Uganda kufanywa maofisa. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore, Amin akatwaa nchi.

Mwanzoni watu wengi walimshangilia. Alikuwa akiendesha jipu mwenyewe katikati ya Kampala, akisimama na kusalimia. Vijana wengi wa West Nile waliingia jeshini na wengine wakapanda vyeo haraka. Hata lugha hii unayoisoma aliipa nafasi, akaitangaza kuwa ya taifa mwaka 1973.

Lakini Agosti 1972 alikuwa amewapa Waasia siku 90 waondoke. Wakaondoka makumi ya maelfu, na pamoja nao wenye maduka, viwanda, gereji na uwakala wa vipuri. Mali yao ikagawiwa wanajeshi na marafiki wa serikali, wale waliokuja kuitwa mafuta mingi. Wengi hawakujua bidhaa inaagizwa wapi wala mashine inatunzwa vipi. Sukari ya Kakira na Lugazi ikapungua, chumvi na sabuni zikaadimika, na magendo ndiyo ikawa biashara. Wafanyabiashara wa mpakani mnaijua vizuri habari hiyo, maana baadhi yenu mliirithi kazi kwa wazee walioianza siku zile.

Tena hayo ya sukari ni madogo. Watu walichukuliwa majumbani na maofisini wasirudi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba waliouawa katika miaka minane ni kama 300,000. Miongoni mwao walikuwemo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka mwaka 1972 na Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977.

Katikati ya hayo ikaja siku ya gari. Mwishoni mwa Julai 1975 Kampala ilipokea mkutano wa wakuu wa nchi za OAU. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia. Amin, aliyekuwa amejipandisha cheo kuwa Fildi Masho, aliingia kwenye mbio za magari zilizoandaliwa wakati huo, akiwa ndani ya Citroën SM na mkewe mpya, Sarah Kyolaba, kando yake. Wapiga picha walikuwa tayari. Picha zile zinapendeza hadi leo.

Kitu ambacho picha hazionyeshi ni hiki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, na magari ya namna ile yalikosa wanunuzi. Mei 1975, miezi miwili kabla ya mkutano, Citroën iliitangaza Maserati kuwa inafilisiwa, na mwaka huohuo SM ikaacha kutengenezwa. Maserati iliokolewa baadaye kwa fedha za serikali ya Italia. SM yenyewe ilitaka fundi aliyeisomea: cheni ya injini ilihitaji kukazwa kwa wakati, na mafuta ya mitambo yake hayakuwa mafuta ya kawaida. Kiongozi aliyefukuza mafundi na wenye vipuri akajitokeza na gari lisiloweza kuishi bila mafundi na vipuri.

Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko.

Yeye alipata pa kwenda kwa ndege. Sisi tulivuka kwa miguu. Tangu Oktoba 1980 kisasi kilipoikumba West Nile, vijiji vilihamia Sudan na Zaire. Mimi nilijifunza kusoma upande wa Zaire, na huko tuliitwa watu wa Amin, hata watoto tuliozaliwa utawala wake ukikaribia mwisho. Wengi tulioitwa hivyo hatukuwahi kuliona gari lile, achilia mbali kulipanda.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. SM haikuwa mkakasi, kwani ndani yake mlikuwa na kazi halali ya watu waliojua walitendalo. Mkakasi ulikuwa serikali iliyojipamba nalo.

Ndugu msomaji, mwanao akikuuliza juu ya Maserati ya Amin, usimkatalie wala usione haya. Mwambie lilikuwa gari zuri kweli. Kisha mweleze nani alilipia, nani alifukuzwa, nani hakurudi nyumbani, na kwa nini nyanya yake alijua njia ya porini ya kwenda Zaire.