Theodor Kocher

Emil Theodor Kocher (25 Agosti 1841 – 27 Julai 1917) alikuwa daktari mpasuaji na profesa wa tiba kutoka nchi ya Uswisi. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya tezi dundumio, yaani tezi iliyopo mbele ya shingo, na kwa kuufanya upasuaji wa rovu kuwa tiba salama. Mwaka wa 1909 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, akiwa daktari mpasuaji wa kwanza kuipata. Sehemu kubwa ya ujuzi uliompatia tuzo hiyo ilitokana na madhara ambayo upasuaji wake mwenyewe uliwaletea wagonjwa.

Maisha ya awali

Kocher alizaliwa mjini Bern. Baba yake alikuwa mhandisi. Mama yake alikuwa muumini wa Kanisa la Moravian, na Kocher mwenyewe alibaki mtu wa dini maisha yake yote. Alisomea tiba katika Chuo Kikuu cha Bern na kumaliza katikati ya miaka ya 1860. Baadaye alisafiri katika miji mbalimbali, ikiwemo Berlin, London na Paris, ili kuwaona wapasuaji mashuhuri wakiwa kazini.

Mwaka wa 1869 alimwoa Marie Witschi. Walipata watoto watatu wa kiume, na mmoja wao, Albert, akawa daktari mpasuaji na msaidizi wa baba yake. Mwaka wa 1870 Kocher alieleza njia ya kurudisha bega lililoteguka bila kutumia nguvu nyingi. Mwaka wa 1872 aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji na mkuu wa idara ya upasuaji katika hospitali ya Inselspital mjini Bern, akiwa na umri wa miaka 30 tu.

Rovu na upasuaji wake

Rovu ni uvimbe wa tezi dundumio. Sababu yake ya kawaida ni ukosefu wa madini ya iodini katika chakula na maji. Tezi huhitaji iodini kutengeneza homoni zake. Ikikosa, huongezeka ukubwa. Katika mabonde ya milima ya Alpi udongo una iodini kidogo, hivyo wakati wa Kocher rovu lilikuwa ugonjwa wa kawaida sana nchini Uswisi. Rovu kubwa huweza kubana koo na kumzuia mgonjwa kumeza au kupumua.

Katikati ya karne ya 19 madaktari wengi waliogopa kulikata rovu. Tezi hiyo ina mishipa mingi ya damu, na wagonjwa walikufa kwa kutokwa na damu au kwa maambukizi ya kidonda. Kocher alifuata mafundisho ya Joseph Lister wa Uingereza kuhusu kuua vijidudu. Alikata polepole, akibana na kufunga kila mshipa wa damu kabla ya kuendelea, na kuchunga neva zinazoendesha sauti. Katika operesheni zake 100 za mwanzo walikufa wagonjwa 13 hivi. Kufikia mwaka wa 1912 alikuwa amefanya operesheni takriban 5,000, na waliokufa katika miaka ya mwisho walikuwa chini ya asilimia 1.

Madhara ya kuondoa tezi yote

Mwanzoni Kocher, kama madaktari wengine, hakujua kazi ya tezi dundumio. Kwa hiyo mara nyingi aliiondoa yote, ili rovu lisirudi. Mwaka wa 1874 alimfanyia hivyo msichana wa miaka 11. Kidonda kilipona vizuri, lakini baadaye daktari aliyekuwa akimtunza alieleza kwamba mtoto huyo amebadilika: amekuwa mzito wa mwili na wa akili. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyefanana naye sana. Sasa mdogo huyo alikuwa amempita kwa kimo.

Mwaka wa 1882 daktari mpasuaji Jacques-Louis Reverdin wa Geneva alimwambia Kocher kwamba naye ameona mabadiliko kama hayo kwa wagonjwa wake. Kocher aliwaita wagonjwa wake wa zamani ili awachunguze upya. Wale waliobakiziwa sehemu ya tezi walikuwa na afya. Karibu wote walioondolewa tezi yote walikuwa wamevimba uso na mikono, walihisi baridi, walichoka, na kusema na kufikiri kwao kulikuwa kwa taabu. Watoto walikuwa wameacha kukua.

Mwaka wa 1883 Kocher aliwasilisha matokeo hayo mbele ya wapasuaji wa Ujerumani waliokutana Berlin. Alikiri madhara hayo hadharani na kutangaza kwamba hataondoa tena tezi yote kwa ajili ya rovu la kawaida. Hata hivyo maelezo yake ya chanzo hayakuwa sahihi: alidhani tatizo lilitokana na bomba la hewa kudhoofika. Felix Semon wa London ndiye aliyependekeza kwamba chanzo ni kukosekana kwa kazi ya tezi yenyewe, na uchunguzi uliofuata ulithibitisha hivyo. Reverdin naye alikuwa ameandika juu ya hali hiyo, na ulizuka ubishi kuhusu nani aliyetangulia.

Mwaka huohuo Kocher alijaribu kumpandikizia mgonjwa tishu za tezi. Tiba ya kudumu ilipatikana baada ya mwaka wa 1891, George Murray wa Uingereza alipotumia dawa iliyotolewa katika tezi ya kondoo.

Mmarekani William Halsted alieleza baadaye kwa nini madhara hayo yalionekana hasa Bern. Theodor Billroth wa Vienna alifanya kazi kwa haraka zaidi na kuacha vipande vya tezi. Kocher alikuwa makini, hivyo hakuacha chochote.

Kazi nyingine na urithi

Kocher alishughulikia pia ngiri, vijiwe vya nyongo na majeraha ya risasi. Koleo yake ya kubania mishipa ya damu bado hutumika, na njia yake ya kulegeza sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba ili kufikia kongosho huitwa kwa jina lake. Kitabu chake cha mbinu za upasuaji cha mwaka wa 1892 kilitafsiriwa katika lugha kadhaa. Kati ya waliojifunza kwake alikuwemo Harvey Cushing, mmoja wa waanzilishi wa upasuaji wa ubongo.

Mwaka wa 1912 alitoa fedha kwa Chuo Kikuu cha Bern kwa ajili ya taasisi ya utafiti, ambayo ina jina lake hadi leo. Alifariki mjini Bern mwaka wa 1917. Miaka mitano baadaye Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi ya kupikia, na rovu likaanza kupungua.