Rufaida na hema lake ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.)

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, wauguzi duniani kote huadhimisha siku yao. Hapa kwetu huvaa sare zao, huandamana, huwasha mishumaa na kukumbushana kiapo chao. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Mimi sina ugomvi na bibi huyo wa Kiingereza. Mwaka 1854 aliongoza wanawake 38 kwenda Scutari, yaani Üsküdar katika mji wa Istanbul, kuwauguza askari wa nchi yake waliojeruhiwa katika vita vya Crimea. Mwaka 1860 akaanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas mjini London, na kutoka hapo uuguzi ukaanza kuhesabiwa kuwa taaluma ya kusomewa. Uislamu unatufundisha kutompunja mtu haki yake, na huyu haki yake ni hiyo.

Ninachosikitikia ni kitu kingine. Mara kadhaa nimewauliza vijana wetu, wa madrasa na wa vyuo, kama wanamjua Rufaida. Jibu limekuwa kimya. Kijana wa Kiislamu anamjua mama wa uuguzi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1910, lakini hamjui mwanamke aliyekuwa akiwafunga majeraha Masahaba katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) karibu miaka 1,200 kabla ya huyo kuzaliwa. Ndiyo maana nimeona leo niusimulie wasifu wake.

Jina lake ni Rufaida al-Aslamiyya (r.a.), kwa maana alitoka katika kabila la Aslam. Waandishi wa zama zetu wanasimulia kuwa baba yake, Saad, alikuwa mtu wa tiba, na kwamba bintiye alianza kuijua kazi hiyo kwa kumtazama na kumsaidia. Katika zama zile hapakuwa na shule ya uganga wala ya uuguzi. Elimu ilipita mkononi, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwana, na mwenye kuitaka ilimpasa akae karibu na mgonjwa, aione damu na aisikie harufu ya kidonda.

Vitabu vya sira vinamtaja hasa katika Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, sawa na mwaka 627 Miladia. Makundi ya maadui yaliuzingira mji wa Madina, na Waislamu wakajikinga kwa handaki. Katika siku hizo Saad bin Muadh (r.a.), kiongozi wa Aus na mmoja wa nguzo za Ansari, alipigwa mshale ukakata mshipa mkubwa wa mkono. Jeraha la namna hiyo hata leo linahitaji watu wanaojua wanachokifanya.

Mtume (s.a.w.) aliagiza Saad apelekwe katika hema la Rufaida, na hema hilo lilikuwa ndani ya msikiti wake. Ibn Ishaq anatueleza kuwa mwanamke huyu alikuwa akiwatibu majeruhi na kuitoa nafsi yake kumhudumia kila Muislamu aliyefikwa na shida asiyekuwa na wa kumtazama. Imam Bukhari naye, katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad, amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) kila alipopita hapo jioni alimuuliza Saad ameshindaje, na kila alipopita asubuhi alimuuliza ameamkaje.

Hebu tuitazame picha hiyo kwa makini. Kiongozi wa dola, katikati ya vita, anapita asubuhi na jioni kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa amelazwa mahali maalumu, karibu, ili aonekane na atazamwe. Na mwenye dhamana ya kumtazama ni mwanamke anayejulikana kwa jina na kwa ujuzi wake. Mtu atakayeiita hiyo wodi atakuwa amekosea wapi?

Saad hakupona. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliliunguza jeraha lile kwa chuma cha moto ili kuzuia damu, lakini mkono ukavimba. Baadaye Saad alichukuliwa juu ya punda kwenda kutoa hukumu katika jambo la Banu Quraidha, kisha akarudishwa. Usiku mmoja jeraha lilifumuka, na waliokuwa katika hema jirani la Banu Ghifar wakashtuka kuona damu ikiwatiririkia. Akafariki shahidi. Naisimulia sehemu hii kwa sababu nayo ni sehemu ya kazi ya uuguzi. Muuguzi hapewi ahadi kwamba kila anayemhudumia atapona. Uhai na mauti ni vya Allah (s.w.). Juu ya muuguzi ni kusimama pale mpaka mwisho, na asubuhi yake kumgeukia mgonjwa mwingine.

Ibn Saad naye ameandika habari za mwanamke wa Aslam aitwaye Kuaiba binti Saad, aliyekuwa na hema msikitini akitibu wagonjwa na majeruhi, ambaye Saad bin Muadh alikuwa kwake, na ambaye baadaye alishuhudia vita vya Khaibar mwaka wa 7 Hijria. Wapo waliosema kuwa huyu na Rufaida ni mtu mmoja. Wapo pia waliopokea kuwa baada ya Khaibar alipewa fungu katika ngawira sawa na la mwanamume mpiganaji. Anayesema kwamba kazi ya kuuguza ni kazi duni ya watu wasiokuwa na pa kwenda, na aitafakari habari hiyo.

Tena Rufaida hakuwa peke yake. Ummu Atiyya (r.a.) alitoka na Mtume (s.a.w.) katika vita saba, akipika chakula, akiwatibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) alikuwa miongoni mwa wanawake waliowanywesha watu maji, wakawatibu waliojeruhiwa na kuwarudisha Madina waliouawa. Siku ya Uhud, Bibi Fatma (r.a.) ndiye aliyeosha jeraha la baba yake, na alipoona damu haikomi akachoma kipande cha jamvi na kuliziba kwa majivu yake. Imam Bukhari, katika Sahihi yake, ameweka mlango maalumu wenye swali la mwanamume kumtibu mwanamke na mwanamke kumtibu mwanamume, na hadithi aliyoiweka hapo ni hiyo ya Rubayyi. Kwa hiyo suala hili halikuanza jana, na wanazuoni wamekwisha kulitolea maelezo: dharura ina hukumu yake na mipaka yake, na stara inabaki pale pale.

Umma uliofuata uliendeleza kazi hiyo. Damascus ilipata hospitali ya Nuri mwaka 1154. Cairo ikapata hospitali ya Sultan Qalawun mwaka 1284, iliyoendeshwa kwa mali ya wakfu, ikiwa na sehemu za wanaume na za wanawake, na wahudumu wa kiume na wa kike. Hata hapa Dar es Salaam, hospitali iliyotangulia Muhimbili ilijengwa kwa fedha za mfanyabiashara Muislamu, Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, na jina lake bado liko katika jengo la wodi pale Muhimbili.

Sasa tujitazame sisi. Ni malalamiko gani tunayoyasikia kila siku kwa Waislamu wa mjini? Mke wangu amezalishwa na mwanamume. Mama yangu amevuliwa mtandio bila ya kuulizwa. Mgonjwa wetu alikata roho hakuna aliyemtamkisha shahada. Haya ni malalamiko ya haki. Lakini namjua mzazi mmoja, tena mcha Mungu, ambaye binti yake alifaulu vizuri Biolojia, Kemia na Fizikia, akapata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba akakataa. Hoja yake ni kwamba manesi hukesha kazini na hushika wanaume. Leo binti yuko nyumbani, na mzazi huyo huyo, mkewe anapoumwa, huuliza kwanza kama katika zamu hiyo yupo nesi wa kike, na ikiwezekana awe Muislamu.

Atatoka wapi? Nesi wa Kiislamu hashuki na mvua. Ni binti wa mtu, aliyelipiwa ada miaka mitatu ya diploma, akavumilia zamu za usiku, akasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kama kila mzazi atamficha wake akitarajia mwenzake amtoe wa kwake, tutaendelea kulalamika mpaka Kiyama.

Simaanishi kwamba hofu za wazazi hazina msingi. Hijabu kazini, mabweni, usafiri wa usiku, haya ni mambo ya kweli. Lakini dawa yake ni kuyashughulikia. Misikiti inayochangisha mamilioni ya mazulia inaweza pia kuwa na mfuko wa kuwasomesha mabinti wawili watatu kwa mwaka. Taasisi zetu zinaweza kuweka hosteli zenye maadili karibu na vyuo. Wanasheria wetu wanaweza kulisemea suala la stara ya muuguzi na ya mgonjwa kwa utaratibu na kwa hoja. Na shule zetu za sekondari zizipe maabara uzito, kwani bila ya sayansi mlango huo haufunguki.

Wenzetu wameanza. Pale Jamia Hamdard, New Delhi, chuo cha uuguzi kimepewa jina la Rufaida. Bahrain kuna tuzo kwa jina lake kwa mwanafunzi wa uuguzi aliyefanya vizuri. Sisi hata kumtaja katika khutba ni nadra.

Mtume (s.a.w.) hakuona kwamba msikiti wake unapungukiwa utukufu kwa kuwekwa ndani yake hema la majeruhi. Basi mzazi mwenye binti aliyefaulu sayansi mwaka huu, na anayemtaka Rufaida katika wodi atakayolazwa mkewe au mama yake, ajiulize amempeleka nani. Allah (s.w.) atupe tawfiq ya kulitekeleza hili, na amlipe Rufaida na wenzake malipo mema. Amin.