Duke Kahanamoku, Mwogeleaji wa Pwani



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Nadhani alitarajia mwanasiasa, maana mtumishi wa serikali hudhaniwa hana habari nyingine. Mimi nimemchagua mwogeleaji. Wale tuliokuwa tukitoroka bweni kwenda Bweni, tena si kwa pantoni bali kwa mikono yetu wenyewe, watanielewa.

Wa miaka ya tisini tunamkumbuka mwenzetu mmoja aliyevuka mto kutoka upande wa mjini kwa muda ambao hakuna mwingine aliyeukaribia. Tulimpima kwa saa ya mkononi. Habari zilipomfikia mwalimu wa zamu, mwenzetu alichapwa viboko kwa kutoroka, na juu ya viboko akaambiwa kwamba hakuogelea haraka, ila mkondo ndio uliomsukuma. Kana kwamba mkondo wa Pangani huenda Bweni badala ya kwenda baharini! Viboko alivisahau baada ya wiki. Neno la mkondo hajalisahau mpaka leo. Nami nilipokuwa Chuo Kikuu nikasoma habari za Duke Kahanamoku, nilimkumbuka mara moja.

Duke alizaliwa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, tarehe 24 Agosti 1890. Jina lake halikuwa cheo. Baba yake aliitwa hivyo kwa sababu ya mwana wa malkia wa Uingereza aliyezuru visiwa hivyo mwaka 1869, na mwana akarithi jina la baba. Hawaii ilikuwa bado ufalme. Malkia alipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nchi yake iliyokuwa imekwisha kuwa mali ya wengine. Shule hakuimaliza. Alishinda pwani ya Waikiki akiogelea, akivua, na kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mchezo wa wazee wake ambao ulikuwa umekaribia kufa.

Tarehe 11 Agosti 1911 yalifanyika mashindano ndani ya bandari ya Honolulu, kati ya gati na gati. Hapakuwa na bwawa. Duke aliogelea yadi 100 za mtindo huru kwa sekunde 55.4. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa imepitwa kwa sekunde 4.6, na katika mbio fupi kama hizo hata nusu sekunde ni jambo kubwa. Waamuzi wakatazamana, wakapima tena umbali, wakaukuta ni ule ule. Matokeo yakapelekwa kwa wakubwa wa chama cha riadha huko Marekani bara, nao wakayakataa. Walisema labda saa zilikuwa mbovu, labda mkondo wa bandari ulimbeba. Mkondo tena!

Watu wa Honolulu hawakubishana kwa barua. Walichanga fedha wakampeleka bara akajaribiwe mbele ya macho ya wasioamini. Mwanzoni mambo yalikuwa mabaya. Maji ya mabwawa yalikuwa baridi, kugeuka ukutani hakujazoea, na huko Pittsburgh misuli ilimkaza ikabidi atolewe majini. Hata hivyo alichaguliwa kwenda Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, Sweden, mwaka 1912.

Kule pia mashindano yalikuwa katika maji ya ghuba, si bwawa. Duke na Wamarekani wenzake wawili hawakutokea kwenye nusu fainali ya mita 100, kwa kutoelewa ratiba. Kwa kanuni walikuwa wametoka. Inasimuliwa kwamba Cecil Healy wa Australia, ambaye bila wao angekuwa na nafasi kubwa ya dhahabu, alikuwa miongoni mwa waliotaka wapewe nafasi nyingine. Ikapangwa nusu fainali ya ziada, Duke akaiogelea kwa dakika 1 na sekunde 2.4, sawa na rekodi ya dunia. Katika fainali alishinda kwa dakika 1 na sekunde 3.4, na Healy akawa wa pili. Kwangu mimi Healy ana sehemu yake katika dhahabu ile. Aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918.

Vita hiyo hiyo iliifuta Michezo ya 1916, na Duke akapoteza miaka ambayo huenda ingekuwa bora kuliko yote. Wengine wangekata tamaa. Yeye alikwenda Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1920, na siku alipotimiza miaka 30 akashinda fainali kwa sekunde 60.4, rekodi mpya. Mwaustralia mmoja akalalamika kwamba alizibiwa njia, fainali ikarudiwa siku chache baadaye, Duke akashinda tena. Paris mwaka 1924 alikuwa na miaka karibu 34. Johnny Weissmuller, kijana wa miaka 20 ambaye baadaye wengi walimjua kama Tarzan wa sinema, alimshinda. Duke wa pili, na wa tatu ni mdogo wake, Sam.

Medali hazikumpa mkate. Sheria za wakati ule zilimkataza mchezaji wa ridhaa kulipwa. Alifanya vibarua, akaigiza nafasi ndogo ndogo katika sinema, akauza petroli. Tarehe 14 Juni 1925, akiwa California, mashua ya wavuvi ilipinduliwa na mawimbi makubwa. Alikwenda na kurudi mara tatu na ubao wake, akaokoa watu 8. Wenzake waliokoa 4, na 5 walikufa maji. Kisha watu wa Honolulu walimchagua kuwa sherifu, mkuu wa usalama wa mji, wakaendelea kumchagua kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki tarehe 22 Januari 1968, na majivu yake yakamwagwa baharini, Waikiki.

Miaka 100 baada ya fainali yake ya mwisho, katika Paris ile ile mwaka 2024, kijana wetu Collins Saliboko aliiogelea Tanzania katika mita 100 za mtindo huru. Vijana wa Pangani bado wanaogelea bila kupimwa na mtu yeyote.

Basi nimeiandikia kamati ya mkutano wetu ujao. Naomba kamba mbili, maboya manne, saa tatu za kupimia, na ngalawa ya kusindikiza waogeleaji. Mita 100 zipimwe pale Funguni, na mbio zianze maji yakiwa yamesimama, ili asitokee mtu wa kutuambia habari za mkondo.