Michael Ramsey: Askofu Aliyetenga Dhambi na Jinai

Arthur Michael Ramsey alizaliwa mjini Cambridge, Uingereza, tarehe 14 Novemba 1904. Nduguye mdogo, mwanafalsafa Frank Ramsey, hakuamini kuwa kuna Mungu. Michael naye alishika njia ya upadri, akawa Askofu wa Durham mwaka 1952, Askofu Mkuu wa York mwaka 1956, na hatimaye Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1961.

Wakati huo, sheria ya Uingereza ilimhesabu mwanamume aliyeshiriki mapenzi na mwanamume mwenzake kuwa mhalifu, hata ikiwa wote wawili walikuwa watu wazima walioridhiana faraghani. Adhabu iliweza kufikia kifungo cha maisha. Isitoshe, walaghai waliitumia sheria hiyo kuwatoza watu fedha kwa kutishia kufichua siri zao. Mwaka 1957, kamati iliyoongozwa na John Wolfenden ilipendekeza sheria ilegezwe, lakini serikali ilisitasita.

Suala hilo lilipofikishwa katika Baraza la Malodi mwaka 1965, Ramsey aliunga mkono mageuzi. Ni muhimu kuuelewa msimamo wake barabara. Hakuyatupa mafundisho ya kanisa lake, kwani aliendelea kuyaona matendo hayo kuwa dhambi. Alichokikanusha ni kwamba kila dhambi yapasa kuwa jinai. Uzinzi pia ulikuwa dhambi, ilhali sheria ya nchi hiyo haikumfunga mzinzi. Kwa maoni yake, hofu ya polisi ilimfukuza mtu mbali na wale ambao wangemsaidia, akiwemo kasisi wake.

Msimamo huo ulipingwa vikali. Miongoni mwa wapinzani alikuwa Lord Kilmuir, ambaye ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani kamati ya Wolfenden ilipoundwa mwaka 1954. Hata hivyo, sheria mpya ilipitishwa Julai 1967. Ilikuwa na mipaka yake: iliwahusu wanaume waliotimiza umri wa miaka 21, nchini Uingereza na Wales pekee, na wanajeshi hawakuhusishwa.

Mageuzi hayo hayakufika Kenya, iliyokuwa imejipatia uhuru mwaka 1963 na kurithi sheria ya kikoloni. Mahakama Kuu ya Nairobi iliidumisha sheria hiyo Mei 2019. Ramsey mwenyewe aliigusa Kenya kwa njia nyingine: mwaka 1968 alipinga sheria ya Uingereza iliyowafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza.

Ramsey alistaafu mwaka 1974, akaaga dunia mjini Oxford tarehe 23 Aprili 1988. Waliotaka kanisa liwakubali mashoga kikamilifu watauona mchango wake kuwa nusu ya safari. Waliotaka wafungwe waliuona kuwa usaliti. Ukweli ni kwamba alimwondolea mwenye kuhukumiwa kifungo bila ya kumwondolea lawama, na kwa wanaume wengi wa kizazi kile, tofauti hiyo ilikuwa ndiyo uhuru wenyewe.