Derek Bryceson: Mkulima wa Kilimanjaro aliyekabidhiwa mlima

MTU anayesimama Pasua, kata iliyo kusini mwa Manispaa ya Moshi, asubuhi isiyo na mawingu, huuona Mlima Kilimanjaro kwa tabaka zake: chini migomba na kahawa, katikati mkanda mweusi wa msitu, na juu kabisa Kibo na barafu yake.

Ni tabaka ipi kati ya hizo iwe hifadhi ya taifa, na ipi ibaki mikononi mwa wananchi? Swali hilo lilipatiwa jibu la kwanza mwaka 1973, wakati Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) likiongozwa na mtu aliyewahi kulima kwenye miteremko ya mlima huo huo. Mtu huyo ni marehemu Derek Bryceson.

Bryceson alizaliwa mwaka 1922 nchini China, kwa wazazi Waingereza. Katika Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la anga la Uingereza akiwa rubani, na akiwa bado kijana wa miaka 19 ndege yake iliangushwa. Madaktari walikata tamaa kwamba angetembea tena. Alitembea, lakini kwa msaada wa fimbo hadi mwisho wa uhai wake.

Baada ya vita alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaja Afrika Mashariki kulima, kwanza Kenya na baadaye Tanganyika, upande wa Kilimanjaro. Walowezi wengi wa wakati huo waliuona uhuru kuwa tishio kwa mashamba yao. Bryceson alichukua njia nyingine, akasimama upande wa TANU na Mwalimu Julius Nyerere.

Itakumbukwa kuwa uchaguzi wa mwaka 1958 uliendeshwa kwa utaratibu wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Baada ya mjadala mkali katika mkutano wa Tabora, TANU iliamua kushiriki na kuwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafiki madai ya uhuru. Jimbo la Kaskazini liliwapeleka katika Baraza la Kutunga Sheria Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson.

Kuanzia hapo alikuwa mmoja wa mawaziri waliodumu kwa muda mrefu. Kwa nyakati tofauti alishika wizara za afya na kilimo. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, alishinda ubunge katika jimbo la Dar es Salaam kwa kura nyingi, ingawa mpinzani wake alikuwa Mwafrika. Ushindi huo ulionyesha kuwa wapiga kura walimpima kwa kazi yake.

Mwaka 1972 aliacha uwaziri na kukabidhiwa TANAPA. Katika miaka yake minane ya uongozi, orodha ya hifadhi iliongezeka kwa Kilimanjaro mwaka 1973, Katavi mwaka 1974 na kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria mwaka 1977. Mwaka 1975 alimwoa Jane Goodall, mtafiti mashuhuri wa sokwe wa Gombe.

Kilimanjaro haikuwa pori lisilo na wenyewe. Wajerumani waliitenga kuwa eneo la wanyamapori mapema katika karne ya 20, na Waingereza wakaufanya msitu wake kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1921. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa Nusu Maili pembezoni mwa msitu, ili wananchi wapate kuni, majani ya mifugo na mbao za kujengea. Kutoka msituni humo ndimo Wachaga walimokinga maji ya mifongo kwa vizazi vingi.

Mpaka uliotangazwa mwaka 1973 ulipita juu ya haya yote. Hifadhi ilianzia mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ikiwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 756, pamoja na njia sita za kupenya msituni. Msitu wenyewe ulibaki chini ya idara ya misitu.

Uamuzi huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa ukanda wa Nusu Maili haukuguswa. Hata hivyo, ulikuwa na gharama. Kilele cha mita 5,895 kilipata askari wa hifadhi, ilhali msitu unaolisha chemchemi ulibaki na ulinzi hafifu. Utafiti uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulibaini ukataji mkubwa wa miti ya asili, hasa ya kamfa.

Hifadhi ilifunguliwa rasmi mwaka 1977, mwaka ambao Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya na watalii wa kupitia Nairobi wakapungua. Bryceson hakuishi kuona neema iliyofuata. Alifariki dunia kwa saratani Oktoba 1980, akiwa na umri wa miaka 57. Miaka saba baadaye, UNESCO iliiingiza hifadhi hiyo katika Urithi wa Dunia.

Mwaka 2005 Serikali iliupanua mpaka hadi kuujumuisha msitu. Mwaka huo huo Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa inayopakana na Bahari ya Hindi, na huko pwani nako swali la mipaka na vijiji likaibuka. Kilimanjaro, msitu ulipata ulinzi zaidi, lakini kina mama waliozoea kukata majani katika Nusu Maili walijikuta wakiitwa wavamizi.

Pasua iko mbali na mageti ya hifadhi, na wakazi wake wengi hawajawahi kukanyaga Kibo. Maji ya mji wao, hata hivyo, huanzia kwenye miteremko hiyo. Mpaka uliochorwa enzi za Bryceson ulikilinda kilele kwanza. Kazi ya kuulinda msitu bila kuwaumiza walio jirani nao aliwaachia waliomfuata.