Daktari Livingstone na sanduku lake la dawa

Jina la David Livingstone umelisikia tangu shule ya msingi. Mzungu mwenye kofia, Maporomoko ya Victoria, Stanley akimkuta Ujiji, basi, somo limekwisha na kengele imelia. Ila kuna jambo ambalo darasani hupitwa haraka: huyu bwana alikuwa daktari. Na homa iliyomwandama miaka mingi ndiyo hiyo hiyo inayokulaza wewe kitandani hapo Vitengeni mvua ikishanyesha na mabwawa yakajaa. Kwa hivyo leo tumtazame kwa dawa zake. Habari ya maporomoko utaipata kwingine.

Alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland, nyumba ya chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 alitiwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Alikuwa anaweka kitabu juu ya mashine, anasoma sentensi moja akipita, anarudi kusoma nyingine. Mwaka 1836 akaanza kusomea udaktari Glasgow, mwaka 1840 akapata cheti chake, na mwaka 1841 akashuka Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Hebu fikiria daktari wa wakati huo alijua nini. Hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa mwaka 1897, Livingstone akiwa amekwisha kufa miaka 24. Madaktari waliamini homa hutoka kwenye hewa mbaya ya vinamasi, na kwamba mgonjwa akiharishwa vizuri uchafu wa nyongo utatoka na homa itafuata. Ndiyo maana dawa nyingi za siku hizo zilikuwa za kuendesha tumbo. Mtu anaumwa homa, anatoka jasho, halafu unampa dawa ya kuharisha. Mwenyewe unaona hapo maji ya mwili yanaenda wapi.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja cha kweli ndani ya mkoba wa daktari: kwinini. Inatoka kwenye ganda la mti wa sinkona wa Amerika Kusini, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kuitoa peke yake kutoka kwenye ganda hilo. Livingstone aliijua. Mwaka 1850, watoto wake waliposhikwa na homa karibu na Ziwa Ngami, alikuwa baba na daktari kwa wakati mmoja, na miaka hiyo ndiyo aliyoanza kuchanganya tembe zake mwenyewe. Ndani yake alitia kwinini, mizizi miwili ya kuharisha iitwayo jalapa na rubabi, pamoja na kalomeli. Waliozimeza walizipa jina la mzaha, dawa za kuamsha, maana hata aliyelala kama gogo angeinuka akimbilie chooni.

Tuzichambue kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula kilichomo. Akila, hubaki na makombo yenye madini ya chuma, na makombo hayo ni sumu kwake mwenyewe. Kwa hivyo ana ujanja wa kuyagandisha yawe punje ngumu zisizomdhuru. Wataalamu wanaamini kwinini humharibia huo ujanja: makombo hayagandi, na kimelea anauawa na taka zake mwenyewe. Hii si dawa ya kushusha joto tu. Inampiga adui pale alipojificha.

Madhara yake sasa. Kwinini hufanya masikio yalie vuu, usikie vibaya, kichwa kiume, tumbo lichafuke. Pia inaweza kushusha sukari ya damu, na kwa mtoto au mama mjamzito hilo si la mchezo. Livingstone aliyageuza madhara kuwa kipimo: aliendelea kumpa mgonjwa kwinini mpaka masikio yalie, na hapo akajua imetosha. Wengi wa wakati wake walikuwa wakitoa kidogo mno kwa kuiogopa. Nadhani hapa alikuwa sahihi kuliko wenzake, ingawa hakujua sababu.

Kalomeli ndiyo ya kuogofya. Ni chumvi ya zebaki, ile madini ya maji maji. Mtu akipewa mara kwa mara anatokwa mate ovyo, ufizi unavimba, meno yanalegea, figo zinaumia. Faida yake kwa malaria? Hakuna. Kwa hivyo ndani ya tembe moja palikuwa na dawa ya kweli, viungo viwili vya kuharisha, na sumu. Mgonjwa akipona, sifa ziligawanywa kwa wote wanne.

Mwaka 1858 Livingstone alirudi na msafara wa Mto Zambezi, safari hii pamoja na daktari kijana, John Kirk, aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Wazungu wengi wa msafara walishikwa na homa na wengi wakapona. Ila Aprili 1862, huko Shupanga, homa ilimpata mkewe, Mary. Alitapika bila kukoma, dawa haikukaa tumboni, na akafa. Tembe zilizokuwa fahari ya mumewe hazikupata nafasi ya kufanya kazi. Zingatia jambo hilo, kwa sababu halijabadilika: dawa iliyotapikwa muda mfupi baada ya kumezwa ni kama haikumezwa. Ukimpa mdogo wako dawa ya malaria akaitapika, usikae ukitumaini. Mrudishe kwenye kituo cha afya, na akiendelea kutapika wajue kwamba anahitaji sindano.

Kirk ana kisa chake, na hiki ni cha kwetu Wapwani. Alikuwa amekusanya sumu ya mishale ya watu wa Zambezi iitwayo kombe, akaitia kwenye mkoba mmoja na mswaki wake. Akapiga mswaki. Kisha akashangaa moyo wake unapiga polepole kuliko kawaida. Wengine wangetupa mswaki na kunyamaza, yeye akaandika, na baadaye wataalamu wakatoa ndani ya mmea huo dawa ya moyo iitwayo strofanthini. Sasa muulize mzee yeyote wa Kigiriama kuhusu usungu, ile sumu ya mishale ya wawindaji wa zamani. Mti wake ni mwingine, lakini sumu yake ni ya ukoo uleule na inashika moyo vilevile. Kiasi kidogo mno kilichopimwa kinasaidia moyo mgonjwa, kikizidi kidogo kinausimamisha. Ndiyo sababu mtu akikwambia ati dawa ya miti haina madhara kwa kuwa ni ya asili, mkumbushe nyati aliyeangushwa kwa mshale mmoja.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1866 alianza safari ya mwisho, akitokea Zanzibar na kuingilia pwani ya kusini karibu na Mto Ruvuma. Miongoni mwa waliokuwa naye walikuwepo Chuma na Susi, majina ambayo yanastahili kujulikana kuliko yanavyojulikana. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka, na mzigo mmoja waliokwenda nao ulikuwa na sanduku la dawa. Nguo zilipatikana nyingine, chakula kiliombwa njiani, lakini kwinini ya kununua haikuwepo porini. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba alijisikia kama mtu aliyehukumiwa kifo. Wapo wanaowalaani wapagazi wale. Mimi nawaza pia kwamba walikuwa watu wenye njaa, mbali na kwao, wamebeba mzigo wa mtu mwingine, na pengine hata hawakujua kilichomo.

Kuanzia hapo mwili wake uliteremka mwaka hadi mwaka. Homa, vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea kwa miezi, kuharisha damu. Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa 1871 alimkuta amekonda, akampa chakula na dawa, naye akapata nguvu, kisha akakataa kurudi Ulaya. Ukaidi huo wengine wanauita ushujaa. Daktari yeyote angemwambia aende nyumbani, na daktari pekee aliyekuwepo alikuwa yeye mwenyewe.

Usiku wa mwisho, kijijini kwa Chitambo katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, alimwita Susi amletee sanduku la dawa na amshikie mshumaa. Macho yalikuwa yamefifia. Alipekua kwa shida mpaka akaipata chupa aliyoitaka, akaiweka kando, akaomba maji, akamwambia Susi aende. Chupa ile ilikuwa ya kalomeli. Mtu anayevuja damu tumboni, mwenye maji kidogo mwilini, alikuwa anaitafuta zebaki ya kuharisha, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa miaka 33 nyuma. Alfajiri walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Wenzake walimpasua, wakauzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Huko London waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844.

Tembe zake hazikufa naye. Kampuni ya Burroughs Wellcome iliziuza kwa jina lake kwa miaka mingi, na zebaki ndani. Mwenye kampuni hiyo, Henry Wellcome, alifariki mwaka 1936 na kuacha mali yake kwa mfuko wa utafiti wa afya. Mfuko huo ndio unaoshirikiana na KEMRI hapo mjini Kilifi tangu 1989, kwenye jengo ambalo pengine umelipita mara nyingi ukielekea hospitali ya kaunti.

Na hapo Kilifi ndipo kwinini ilipopimwa na mwenzake. Hospitali ya Kilifi ilikuwa kati ya vituo 11 katika nchi 9 za Afrika ambako watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa, nusu kwa sindano ya kwinini, nusu kwa sindano ya atesuneti, dawa inayotokana na mmea wa Uchina. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Tofauti yaonekana ndogo mpaka uihesabu kwa watoto. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema atesuneti itangulie kwa watoto wenye malaria kali.

Kwa malaria ya kawaida, ukipimwa ukakutwa nayo, utapewa zile tembe za manjano, AL, ambazo Kenya ilianza kuzigawa mwaka 2006. Ni dawa mbili ndani ya moja. Ya kwanza inaua vimelea wengi haraka sana lakini inatoka mwilini ndani ya saa chache. Ya pili ni ya polepole na inakaa siku kadhaa kumaliza waliobaki. Unaona sasa kwa nini siku ya pili unajisikia mzima, na kwa nini ukiacha hapo na kumwekea ndugu yako tembe zilizobaki, nyote wawili mmepata nusu ya dawa. Inaweza kukuletea kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Masikio hayalii.

Panadol utakayopewa pamoja nayo inashusha joto na maumivu, kimelea haiigusi kabisa. Mtu mzima asipite tembe 8 za miligramu 500 kwa siku, na angalia kama dawa yako ya mafua haina paracetamol pia, maana ikizidi inaliharibu ini kimyakimya. AL imeze na kitu chenye mafuta kidogo, maziwa au wali wa nazi, ndipo inaingia vizuri mwilini. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza. Kisha asubuhi na jioni, kesho na kesho kutwa.